Shangazi Frasia na Mashine ya Vita

Asifiwe Mungu aliyetupa macho ya kuona, na kwa huruma yake akatuongezea miaka ya kutosha kutambua kwamba tulichokiona hakikuwa kile tulichodhani. Namshukuru kwa pumzi ya leo, na kwa wale walionilea, ambao wengi wao sasa wamelala wakimngoja. Nikiisha kumshukuru, nisimulie.

Siku tulipokuwa tunamtoa Shangazi Frasia nyumbani kwake Mikumi kwenda kumzika, mwanamume mmoja mwenye mvi kidevuni alisimama katikati ya mlango akatandaza mikono.

"Jeneza halipiti hapa!"

Wageni wa mbali walishtuka. Sisi wa nyumbani hatukushtuka. Yule ni Odilo, ni Mhehe, na sisi ni Wangoni. Babu zetu na babu zake waliuana vibaya hata wajukuu wakaona hakuna namna ya kuishi jirani ila kutaniana. Mtani ana ruhusa msibani. Anaweza kuvaa kanga ya marehemu, akaiga alivyokuwa akitembea, akaziba njia, na hakuna wa kumkasirikia, kwa kuwa mfiwa akicheka kidogo anapata nguvu ya kulia vizuri.

Mkononi Odilo alishika kibao cheusi cha shule, vile vya zamani vyenye fremu ya mti. Alikuwa amekitoa juu ya kabati. Ameandika jina lake kwa chaki, na pembeni yake mstari mmoja uliosimama.

"Huyu mama anaondoka hajanifutia alama yangu," alisema. "Nilimpiga risasi, akasema atanifutia kesho. Kesho yenyewe ndiyo hii? Nyie Wangoni mna tabia ya kuondoka bila kuaga!"

Watu walicheka, naye machozi yalikuwa yanamtoka hadi kwenye mvi zake.

"Pisha, mtani," nikamwambia. "Tukirudi makaburini nitakufutia mimi."

"Kwa mate?"

"Kwa mchuzi."

Akanitazama. Akakumbuka. Akapisha njia, na kibao akanishikisha kidogo. Nilipokisogeza karibu na uso kilinuka vumbi lililowahi kupata joto, na moshi wa kuni. Harufu ile ikanirudisha kwenye chumba cha mbele cha nyumba ile ile, nikiwa na miaka tisa au kumi, nimejibanza nyuma ya mlango na moyo wangu umejaa shaka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa ghafla: sabuni zenye harufu ya matunda tusiyoyajua, kandambili za rangi, redio za kaseti mbili, mitumba iliyofungwa marobota. Tulifurahi kwa jicho moja, jicho la pili likichungulia. Kila kilichotoka nje kilinuswa kwanza. Mama yangu, kule Magomeni ya Kilosa, alichemsha mitumba mara tatu, na mara ya tatu alitia majani ya mwarobaini, kwa sababu hakuna aliyejua mwenye nguo wa kwanza alipatwa na nini. Baba alikuwa katekista. Yeye hakuchemsha kitu, aliuliza. Kimetoka wapi? Kinafanya nini? Umekiona mwenyewe au umeambiwa? Hayo ndiyo yalikuwa maswali yake kwa kila kitu kipya, iwe dawa ya mbu au mhubiri wa kupita.

Mama alipojifungua mapacha nilipelekwa Mikumi kwa Shangazi Frasia, mdogo wake Baba, ili niwe mkono wake. Shangazi hakujaliwa mtoto, na mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Aliishi katika nyumba ya babu yetu, aliyetoka Songea kijana kuja kukata mkonge, akazeekea huku na kujenga kando ya barabara kuu. Nyumba ilikuwa ya ukoo. Neno la mwisho juu ya nani akae humo lilikuwa la Baba, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Shangazi alipikia madereva wa malori ya Zambia. Mmoja wao alishikwa na malaria kali akalala chumba cha mbele wiki mbili, Shangazi akimnywesha uji kwa kijiko kama mtoto. Alipopona alikwenda zake. Safari iliyofuata alisimamisha lori mbele ya mlango akashusha boksi. "Mama, wewe ulinirudishia uhai," alisema. "Mimi sina cha kukupa ila hiki. Nyumba yako haitakosa watoto." Ndani ya boksi mlikuwa na televisheni ndogo, mashine ya gemu yenye pedi mbili, na kaseti moja tu. Kaseti hiyo moja ilikuwa ya vita.

Nieleze mchezo wenyewe, maana wengi waliusema bila kuuona. Kulikuwa na askari wawili wadogo, mmoja mwekundu na mmoja wa bluu, kila mmoja akiendeshwa na mchezaji wake. Walipita katika pori lenye miti mirefu iliyofanana na mikumi ya mbugani, ile iliyoupa mji jina, na maadui walitoka nyuma ya miti hiyo. Watu wawili walicheza kwa pamoja, upande mmoja. Lakini risasi haikuchagua. Ukimlenga adui alianguka, na ukimlenga mwenzako naye alianguka. Aliyeanguka alitoweka, kisha akarudi akiwaka na kuzimika kama kibatari kwenye upepo. Alirudi hivyo mara tatu, halafu basi.

Ubishi wote Mikumi ulitoka kwenye ile risasi isiyochagua. Wakubwa walipita dirishani wakasikia watoto wakipiga kelele, "Umeniua! Na mimi nakuua!" na waliokuwa wakisema hivyo walikuwa wanafunzi wa darasa moja, wengine wa ubatizo mmoja. Katika jumuiya ya sala mama mmoja alisema kuwa Frasia anawafundisha watoto kumwaga damu ya jirani. Mwingine akasema waya ule unaoingia ukutani haupeleki umeme ndani, unanyonya kitu nje. Balozi wa nyumba kumi alikuja na daftari, akasimama uani, akakataa kuingia.

"Ingia uone, balozi," Shangazi alimwambia.

"Nimeshaona kwa masikio."

"Basi kaandike kwa masikio."

Balozi aliandika kweli. Barua ikafika Kilosa. Ukoo ukakaa, ukaamua kwamba mashine ikionekana ni chafu, Frasia atatoka nayo nyumbani kwa babu, nami nitarudishwa Magomeni. Baba akajibu kuwa hawezi kuhukumu asichokiona, na kwamba angekuja baada ya Pentekoste. Mimi akanitumia kikaratasi changu peke yangu, kikiwa ndani ya barua ya Shangazi: *Wewe umo ndani. Niandikie ulichokiona kwa macho yako, usiandike ulichosikia.*

Sijawahi kupewa kazi kubwa kama ile, wala sijui kama nimewahi kuifanya nyingine vibaya zaidi.

Nilimpenda Shangazi, na nyumba ile nilitaka kuishi humo mpaka niwe mkubwa. Lakini mashine niliiogopa, na mtoto mwenye hofu haoni kitu kikiwa peke yake. Anakiona kikiwa kimeshikana na kingine. Niliona dirisha limefunikwa blanketi. Niliona Shangazi ameweka kigoda mlangoni, amekalia mlango wenyewe, na mtoto hatoki mpaka amwambie neno. Niliona mashine ikizimwa anaivika kitambaa cheusi, kile kile alichojifunga kichwani alipofiwa na mume. Niliona watoto wakitoka na macho mekundu. Zaidi ya yote niliona kibao. Kilitundikwa ukutani kando ya televisheni, kina majina, na mbele ya majina mistari. Mstari mmoja. Miwili. Siku moja nikaona mistari mitatu mbele ya jina la Odilo, mjukuu wa Mzee Kasiani, aliyekuwa akikaa dawati la mbele yangu. Kesho yake Odilo hakuja shule. Keshokutwa hakuja. Wiki ikaisha dawati likiwa tupu, na jina lake kwenye kibao limefutwa, pamebaki ukungu mweupe wa chaki.

Sikumwuliza Shangazi. Sikumwuliza hata mwalimu. Niliogopa kwamba nikiuliza, jina litakalofuata litakuwa langu. Nikaandika.

*Baba shikamoo. Nimeona kwa macho yangu. Wanakufa halafu wanafufuka siku hiyo hiyo. Shangazi anakaa mlangoni wasitoke. Kuna kibao cha majina. Ukipata alama tatu unapotea. Odilo alipata tatu na hayupo. Mashine ikizimwa anaifunika kitambaa cha msiba. Ni mimi mwanao.*

Nilimpa barua kondakta wa basi la Kilosa. Baba hakungoja Pentekoste. Alishuka kwenye basi siku ya pili, vumbi la barabara ya kupitia kijiji cha Ulaya limemjaa hadi kwenye nyusi, na mkoba wake wa katekista kwapani.

"Shikamoo kaka," Shangazi alipokea mkoba. "Mbona ghafla? Karibu chai."

"Marahaba, Frasia. Chai baadaye. Kwanza nakwenda kwa Mzee Kasiani."

Nilijua anakwenda kumwambia babu wa Odilo habari mbaya. Kumbe Baba alikuwa na sababu mbili. Aliyoisema ilikuwa moja: mtu wa kuhukumu bunduki ni yule aliyewahi kuibeba. Mzee Kasiani alikuwa amekwenda vitani mpakani akiwa na nguvu zake, akarudi na mguu mmoja mzito na maneno machache. Maneno hayo machache aliyamaliza yote kwa utani.

"Hodi wenye nyumba!" Mzee Kasiani aliita alipofika na Baba. "Au mmeshauana wote?"

"Tumekubakiza wewe," Shangazi alimjibu. "Kaburi la Mhehe linachosha kuchimba, mnazikwa na maneno yenu yote."

Mchana ulikuwa mkali. Watoto saba au wanane walikuwa uani, kila mmoja ameleta mzigo wa kuni au ndoo ya maji, maana ndivyo walivyoingia kwa Shangazi. Baba aliwaita wote ndani. Akasema, "Nimekuja kuiangalia hii mashine. Sikuja kuangalia yaliyosemwa." Akakaa kwenye kigoda, akavua saa yake ya mkono akaiweka mfukoni, kama alivyofanya kabla ya kubatiza. "Washa."

Shangazi aliondoa kitambaa cheusi, akakikunja taratibu. Mashine ikalia. Harufu ya vumbi la moto ikajaa chumba. Mtoto mmoja alimfundisha Baba vidole vya kuweka wapi, na mwingine akamfundisha Mzee Kasiani. Baba alikuwa mwekundu, Mzee Kasiani bluu.

Hawakufika mbali. Adui wa kwanza alitoka nyuma ya mti, Baba akabonyeza kwa hofu, na risasi zote zikaishia mgongoni kwa Mzee Kasiani.

"Nimekufa!" Mzee Kasiani aliporomoka kutoka kwenye kigoda hadi sakafuni, mguu wake mzito umenyooka. "Mngoni kaniua! Kwa nyuma! Kama babu yake! Nifungieni mbuzi wa fidia, mwenye mimba!"

Watoto waliangua kicheko mpaka mmoja akalala juu ya kuni. Baba alijaribu kuubana uso wake wa ibada. Akashindwa. Nilimwona akicheka meno yote, nami nikaingiwa na shaka zaidi: nilidhani mashine imeshampata.

Waliendelea. Wakafika kwenye mto. Ng'ambo palikuwa na njia, na katikati daraja lililoinuliwa. Baba alimpeleka askari wake mbele, akamrusharusha, akapiga risasi hewani. Daraja halikushuka.

"Katekista, huwezi peke yako," mtoto mmoja alimwambia. "Kuna mawe mawili. Mmoja anasimama hili, mwenzako lile. Daraja linashuka mkiwa wawili."

"Na kama nimeshamwua mwenzangu?"

"Basi unakaa hapo hapo mpaka wakumalize."

Baba alikaa akilitazama lile daraja muda mrefu, kidole chake hakibonyezi, hadi maadui walipokuja wakammaliza. Akaweka pedi chini.

"Kasiani, wewe umeshika bunduki yenyewe. Hii unaionaje? Nataka hukumu ya mchezo. Habari za Frasia, za balozi na za watoto ziache."

Mzee Kasiani alirudi kwenye kigoda. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Ni mwongo," alisema. "Kule, aliyeanguka hakurudi akiwakawaka. Na kulikuwa na harufu, humu hamna. Na kila aliyeanguka, wa kwetu na wa kwao, alikuwa na mama. Nimetazama pori lote hili sikuona mama hata mmoja."

"Kwa hiyo ni mbaya."

"Sikusema mbaya. Nimesema mwongo. Na mimi na wewe je? Kila nikikuona nakwambia nitakuzika ndani ya chungu, ukiwa umekunjwa. Usiku naomba uamke salama. Ule nao ni uongo, ila tunaujua wote wawili. Uongo unaojulikana na pande zote mbili haujawahi kumwua mtu. Anayeua ni yule anayedhani ni kweli." Aliigeukia ile televisheni. "Mtoto akiambiwa kwamba humu hakuna kifo, kuna utani tu, acheze. Asiyeambiwa, msimruhusu aguse. Na lile daraja, mimi nimelipenda. Kule mpakani hatukuwa nalo."

Baba aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha akafanya nililokuwa nikiliogopa. Alifungua mkoba akatoa barua yangu.

"Limebaki moja. Frasia, kile kibao ni cha nini? Nimeandikiwa kuwa mwenye alama tatu hupotea, na kwamba mjukuu wa Kasiani amepotea."

"Amepotea?" Mzee Kasiani aliuliza kwa mshangao. "Odilo yuko Vidunda kwa bibi yake mzaa mama, anawinga nyani wasile mahindi! Mahindi yakikauka anarudi. Nani kampoteza?"

Shangazi aliitazama barua mkononi mwa Baba, akautambua mwandiko. Alikuwa ndiye aliyenifundisha kuandika herufi kubwa mwanzo wa sentensi. Akageuza macho akanitafuta nyuma ya mlango, akanipata.

"Kaka, mimi sijui vita," alisema, bado akinitazama. "Dereva aliponipa hii, nilikaa nayo siku tatu nikitazama watoto wa jirani wakicheza. Nikaona kasoro ni ile risasi. Siwezi kuibadilisha, imo ndani ya kaseti. Nikaweka sheria nje ya kaseti. Watoto waliogombana shuleni ndio ninaowakalisha pamoja, mwekundu na bluu. Anayempiga mwenzake kwa kusudi anapata mstari. Mistari mitatu, anapumzika wiki. Na mstari haufutwi na aliyepiga, wala siufuti mimi. Anaufuta aliyepigwa, kwa kidole chake, akiwa ameridhika. Ndiyo maana nakaa mlangoni. Hatoki mtu humu na kinyongo, wakakimalize barabarani kwenye malori. Odilo alipata tatu, mwenzake akamfutia mistari na jina ile siku aliyokuja kuaga."

"Na dirisha?"

"Mwanga unapiga kwenye kioo hawaoni. Na kitambaa ni cha vumbi, sina kingine."

Kila nilichokiona kilikuwa kweli. Hakuna nilichotunga. Na bado barua yangu yote ilikuwa uongo, tena uongo uliojulikana na mtu mmoja tu, ambaye alidhani ni ukweli.

Baba alitoa hukumu yake akiwa amesimama. Mashine ibaki. Izimwe saa za sala, na siku yoyote kukiwa na msiba barabara ile, kwa sababu siku hiyo kifo si utani. Kila mtoto mgeni aambiwe na Mzee Kasiani, kwa kinywa chake, habari za wale wenye mama, kabla ya kushika pedi. Na Frasia akae nyumbani kwa baba yake bila kusumbuliwa. "Siusifu mchezo huu," aliongeza. "Sitasimama kanisani niseme ni mzuri. Nina shaka nao, na nitakufa nina shaka nao. Lakini shaka yangu si ushahidi."

Kisha akaniita. "Ulisema ulichokiona," aliniambia. "Sikukutuma kuuliza, hilo ni kosa langu. Unarudi nami Kilosa, au unabaki?"

Kabla sijajibu Shangazi aliinuka, akachukua chaki. Aliandika jina langu kwenye kibao, herufi kubwa mwanzoni. Mbele yake akachora mstari mmoja.

"Amempiga mwenzake," alisema. "Achague. Akibaki, anabaki nao."

Nilibaki.

Sijui kama mnakumbuka jinsi siku za utotoni zilivyokuwa ndefu mkiwa na hatia. Niliteka maji kabla ya kuombwa. Nilifagia uwanja hadi nikafagia na barabara. Nilichambua mchele, nikasali rozari kwa sauti ili anisikie. Shangazi alinipa chakula changu, alinisuka nywele, alinifunika nikilala, wala hakunisema hata neno. Lakini mstari ulibaki. Watoto walipigana risasi, wakaandikwa, wakafutiana, wakaandikwa tena. Wangu tu haukuguswa. Odilo alirudi kutoka Vidunda mweusi kwa jua, akausoma, akanicheka: "Wewe hata hujawahi kushika pedi, ulimpigaje?" Nilianza kumshuku Shangazi upya, kwamba hanipendi tena, kwamba ananilisha kama mtu anavyolisha kuku wa jirani.

Siku moja mvua ilinyesha mchana na hakuna mtoto aliyekuja. Maharage yalikuwa jikoni. Shangazi aliondoa kitambaa, akawasha, akasukuma kigoda kwa mguu.

"Njoo ukae. Wewe mwekundu."

Nilikaa. Alinifundisha kwa subira, naye hakuwa hodari. Tulipita pori, tukaanguka, tukarudi, hadi kila mmoja wetu akabakiwa na mara ya mwisho. Tukafika kwenye mto. Nikasimama kwenye jiwe langu. Hapo jikoni chungu kikafurika, moto ukalia *shhh*, Shangazi akatupa pedi akakimbia.

Askari wake wa bluu alibaki amesimama wazi, hatua chache kabla ya jiwe lake, hajui lolote. Maadui wakatoka nyuma ya miti. Kushoto kwangu palikuwa na shimo. Nilishaona watoto wakijificha humo, risasi zikipita juu. Niliangalia shimo. Niliangalia yule wa bluu. Nilitoka kwenye jiwe nikaenda kusimama mbele yake, mgongo wangu kwake, nikabonyeza kwa vidole vyote. Niliwaangusha kadhaa. Hawakuisha. Wangu akaanguka, safari hii bila kuwaka tena, na pale pale wa mwisho wao naye akaangushwa na risasi yangu iliyokuwa bado njiani.

Shangazi alirudi na mwiko mkononi. Akatazama kioo. Wa bluu alikuwa mzima, peke yake ukingoni mwa mto, daraja limeinuka.

"Wewe uko wapi?"

"Nimekufa, Shangazi."

"Si kulikuwa na shimo?"

"Nilikuwa nakusubiri."

Alisimama pale hadi mwiko ukadondosha matone mawili sakafuni. Halafu akaenda ukutani, na kwa kidole gumba chake, kikiwa bado kimelowa mchuzi wa maharage, akaufuta mstari wangu. Aliusugua mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayefuta pua ya mtoto. "Haya," alisema. "Njoo uonje chumvi."

Mafuta ya nazi yaliyokuwa kwenye ule mchuzi yaliingia ndani ya kibao. Tokea siku hiyo chaki haikushika vizuri mahali pale, na watoto walilalamika kwamba jina likiandikwa hapo halisomeki. Shangazi hakukiosha.

Mashine iliungua miaka kadhaa baadaye, radi ilipopiga. Sikuililia, na mpaka leo naungana na Baba: nina shaka nayo. Wajukuu wangu sasa wanacheza vita kwenye simu na watu wasiowajua, walio nchi wasizozijua, na risasi zao hazichagui. Wananiuliza kama ni dhambi. Ninawaambia wanipe nafasi nikae, wanionyeshe kwanza. Halafu ninauliza lililo muhimu kwangu: ukimpiga mwenzako humo, nani anakufutia?

Tuliporudi kutoka makaburini, wanawake walikuwa wanapakua ugali na maharage. Odilo alikuwa ananingoja mlangoni na kibao chake. Sikujua kama nina haki. Sheria ilisema anafuta aliyepigwa, na aliyepigwa tulikuwa tumetoka kumfukia. Lakini nilikuwa mkono wake, ndivyo nilivyopelekwa kwake. Nilichovya kidole gumba kwenye bakuli nikausugua mstari wa Odilo hadi ukaisha, na doa jipya likaungana na lile la zamani.

"Wangoni hamjui hata kufuta," alisema. "Mmekichafua kibao cha watu."

Akakaa chini, akala.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde na jicho linaloona upesi kuliko linavyouliza. Kama kuna mstari mbele ya jina lako mahali fulani, amjaalie uliyempiga uhai na moyo mweupe wa kuufuta. Na kama kidole cha kufuta ni chako, asikuache ukachelewa.